Jino Nililolificha

Kutoka shuleni kwetu hadi dukani kwa Mama kuna ngazi arobaini na mbili. Wenzangu walizipanda mbiombio, mikoba ikiwarukaruka mgongoni, lakini mimi nilikuwa na vituo vyangu vitatu. Cha kwanza kilikuwa penye bomba la maji, cha pili kwa kinyozi, na cha tatu kwenye mlango wa buluu ambao sikuwahi kumwona mtu akiufungua. Katika kila kituo niliketi, nikahema, nikasubiri moyo utulie. Ndiyo maana wakaniita Kobe. Mwanzoni nililia. Baadaye nikazoea, na mwalimu wa michezo aliposema, "Kobe, wewe shika filimbi," niliipuliza kwa madaha kana kwamba mchezo wenyewe niliuanzisha mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na moyo wangu ulikuwa na tundu. Nilizaliwa nalo. Kuna ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo, na wangu haukuziba vizuri nilipokuwa tumboni. Damu ikawa inapita njia isiyo yake, na mapafu yakafanya kazi ya ziada kila siku. Nikishikwa na kikohozi, hakikuniacha upesi. Nikinyanyua ndoo, niliona nyota mchana.

Mama ni fundi cherehani, na tuliishi wawili tu, yeye na mimi. Duka lake ni dogo: vyerehani viwili, meza ya kukatia, kioo chenye ufa, na kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, NGUO CHAFU HAISHONWI HAPA. Alasiri moja, nikiwa bado nahema baada ya ngazi, makanika wa gereji ya jirani aliingia na ovaroli iliyochanika gotini. Ilinuka mafuta ya gari tangu mlangoni.

"Fundi, nipigie kiraka hapa. Dakika mbili tu."

Mama hakuigusa. "Imefuliwa?"

"Imefuliwa juzi."

"Juzi ya mwaka gani?"

Makanika akacheka, lakini Mama hakucheka. "Nikishona juu ya uchafu, nimeufungia ndani. Kitambaa kitaoza chini ya kiraka, na wewe utatangaza mtaa mzima kwamba fundi hajui kazi. Kafue kwanza."

"Dada yangu, wewe ni mkali kuliko askari wa barabarani!"

"Kafue."

Alitoka akinung'unika. Mimi nilikuwa bado nacheka simu ya Mama ilipolia. Niliona akisimama, akisikiliza, akishika ukingo wa meza. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, ni mwanangu. Ndiyo." Kisha akaiweka simu chini na kunitazama, macho yamejaa machozi.

Tulikuwa tumesubiri miaka miwili. Sasa hospitali kuu ilikuwa inatuita. Baada ya mwezi mmoja wangekuja wataalamu wageni kusaidiana na madaktari wetu, na kwa muda wa wiki moja wangewafanyia watoto kumi upasuaji wa moyo. Jina langu lilikuwa la saba. Kabla ya hapo tulitakiwa kukamilisha vipimo vya damu, picha ya kifua, na kuonwa na daktari wa meno.

"Meno ya nini?" niliuliza. "Si wanapasua moyo?"

"Wakisema meno, ni meno," alijibu Mama.

Siku ya meno, foleni ilikuwa ndefu, na Mama alikuwa na magauni ya mteja ya kupeleka mtaa wa pili. Akaniacha kwenye benchi, akasema anarudi sasa hivi. Jina langu likaitwa kabla hajarudi. Daktari wa meno alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso. Aligongagonga meno yangu kwa chuma chembamba, moja baada ya jingine, mpaka akafika kwenye gego la chini upande wa kushoto. Hapo niliruka kutoka kwenye kiti.

"Aha," alisema. "Gego hili limetoboka, tena tundu limekwenda chini. Hili ni la kung'oa. Njoo Alhamisi na mama yako, mpe karatasi hii. Na uwe unapiga mswaki vizuri, asubuhi na jioni."

Kwenye sinia lake niliona koleo. Lilikuwa linang'aa. Sikuona kitu kingine chumbani mle.

Mama alinikuta nje. "Amesemaje?"

"Amesema niwe napiga mswaki vizuri, asubuhi na jioni."

Ni kweli alisema hivyo. Nilijiambia sikudanganya, nilipunguza tu maneno. Karatasi niliikunja mara nne, nikaichomeka katikati ya daftari la hesabu ambalo Mama hakuwahi kulifungua. Jino na moyo, wapi na wapi? Moyo uko kifuani, jino liko mdomoni. Nilijiambia hivyo kila jioni nilipokuwa napiga mswaki, na kweli nilipiga mswaki mpaka fizi zikawaka.

*

Tulilazwa hospitalini Jumatatu. Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda kumi, na mlangoni palibandikwa orodha: watoto wawili kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, mmoja asubuhi na mmoja mchana. Mimi nilikuwa wa Alhamisi asubuhi. Kitanda cha jirani na changu kilikuwa na mvulana wa miaka tisa, mwembamba, mwenye midomo na kucha za rangi ya buluu kama aliyelamba wino. Alikuwa wa Alhamisi mchana. Wauguzi walimwita Redio, na hakuhitaji kunieleza kwa nini.

"Umemwambia muuguzi unaitwa Kobe? Kobe hana meno, unajua? Bibi yangu ameniambia. Daktari wetu ni mfupi, anasimama juu ya kigoda akipasua, nimekiona kigoda chenyewe. Nyama ya leo ina mfupa, angalia. Mimi hii ni mara ya pili kuja. Mwaka jana nilikuwa kwenye orodha. Siku ya mwisho nikapata homa, wakanitoa. Nimesubiri mwaka mzima."

Aliyasema hayo yote kwa pumzi moja, na pumzi yenyewe hakuwa nayo ya kutosha. Lakini mimi nilisikia jambo moja tu.

"Walikutoa kwa sababu ya homa?"

"Homa tu! Wakaniambia nirudi nyumbani. Nililia mpaka nikazimia."

Siku ile ile Sista alipita na fomu zake. Huyo ndiye muuguzi mkuu wa wodi, mama mnene anayetembea bila kutoa sauti, hivyo huwezi kujua amekusikia kiasi gani. Aliuliza mambo mengi, nikajibu. Kisha akasema, "Meno yameonwa na daktari?"

"Ndiyo, Sista, yameonwa."

Akaweka alama ya vema. Mama alikuwa pembeni, ananikunjia nguo.

Jino lilianza kuuma Jumanne jioni. Nilikuwa nimejiandaa: kabla ya kutoka nyumbani nilichukua punje chache za karafuu jikoni, nikazifunga kwenye kona ya leso. Nilitafuna moja, nikaibana juu ya gego, maumivu yakapoa kidogo. Jumatano asubuhi shavu lilikuwa zito, na mwili ulikuwa unachemka huku meno yananigonga kwa baridi. Nilijua ni homa. Nilijua pia Sista atapita saa nne na kipimajoto, na kwamba hukiweka kwapani.

Nilichukua chupa ya maji baridi, nikaibana kwapa la kulia chini ya shuka. Nilihesabu mpaka mia mbili, nikaihamishia kushoto. Nilitetemeka kama kuku aliyenyeshewa, lakini nilijikaza kisabuni. Sista alipokaribia niliisukuma chupa miguuni.

Alikisoma kipimajoto, akakitikisa, akakisoma tena. "Thelathini na nne na nusu? Wewe mtoto, hili si joto la binadamu. Umetoka kuoga?"

"Ndiyo, Sista."

"Kobe kweli," alisema, akaandika. Lakini kabla ya kuondoka aligeuka, akanitazama kwa muda. Moyo wangu wenye tundu ulidunda hadi masikioni. Kisha mtoto mmoja akalia kwenye kitanda cha mwisho, naye akaenda.

Nilipogeuka, Redio alikuwa ameketi kitandani mwake, macho yamemtoka.

"Nimeona," alinong'ona. "Nimeona chupa."

"Usiseme! Tafadhali, ndugu yangu. Wakijua watanitoa. Wewe si unajua kutolewa kukoje?"

Aliziba mdomo wake kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza tangu tufike, Redio alinyamaza. Alinyamaza hadi chakula cha mchana, na wauguzi wawili walikuja kumuuliza kama anajisikia vibaya.

*

Mchana ule daktari wa moyo alikuja kutueleza kitakachofanyika kesho. Alikuwa mwanamke mfupi kweli, mwenye viganja vidogo kama vyangu. Alivuta kiti, akachukua karatasi, akachora moyo: vyumba vinne, ukuta katikati, na kwenye ukuta tundu.

"Tutamlaza usingizi," alimwambia Mama. "Mashine itafanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda, ili moyo utulie nipate kushona. Tundu lenyewe ni kubwa kidogo, haliwezi kuvutwa likafungwa. Kwa hiyo nitaweka kiraka."

Mama alisogea mbele. Tangu tufike hospitali alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya kila mwenye koti jeupe, lakini neno hilo alilijua. "Kiraka? Cha kushonwa pande zote?"

"Pande zote. Mishono midogo midogo."

"Uzi gani?"

Daktari akacheka. "Mwembamba kuliko nywele. Wewe ni fundi?"

"Mimi ni fundi nguo. Sasa niulize, Daktari, usinicheke. Mimi nguo nikitaka kuipiga kiraka, lazima iwe imefuliwa. Na moyo je? Mnaufua?"

Daktari hakucheka tena. Aliweka kalamu chini. "Hilo ndilo swali zuri kuliko yote niliyoulizwa wiki hii. Hatuwezi kuufua, mama. Ndiyo maana tunapima damu, tunaangalia kifua, koo, ngozi, meno. Wadudu wa ugonjwa wakiwa mahali popote mwilini huingia kwenye damu, na damu yote hupita moyoni. Wakikuta kiraka kipya, hukaa hapohapo. Mshono huachia. Hapo inabidi nifungue kifua mara ya pili, na mara ya pili si kila mtoto anatoka salama."

"Hata jino?" niliuliza. Sauti ilinitoka yenyewe.

"Jino hasa," alisema. "Kutoka jino bovu hadi moyoni si safari ndefu." Akanitazama vizuri. "Mwanangu, kuna lolote unalotaka kuniambia? Homa, maumivu, chochote?"

Mama alinitazama kwa matumaini makubwa. Redio, kitanda cha jirani, aliacha kutafuna. Nilifungua mdomo. Niliona ngazi arobaini na mbili, nikaona wageni wakipanda ndege, nikaona Mama akikunja nguo zetu na kuzirudisha kwenye begi.

"Hakuna," nilisema.

Baada ya hapo sikuweza hata kumtazama Redio. Sikuwa tena na kisingizio cha kwamba sijui. Nilijilaza nimegeukia ukuta, ulimi ukilisukuma lile gego, nikiwaza wadudu wakitembea msafara mmoja kutoka mdomoni kwenda chini. Nilijiambia labda homa itapungua. Labda wadudu wa kwangu ni wachache. Mtu mwenye hofu hana labda anayoikataa.

*

Alhamisi alfajiri sikuruhusiwa kula wala kunywa, na chupa yangu ilikuwa imeondolewa. Nikaloweka taulo bafuni, nikajibana nalo kwapani mpaka nikafa ganzi. Muuguzi wa zamu alisoma kipimajoto haraka, akaandika thelathini na sita. Wakanivisha gauni la kijani linalofungwa mgongoni, wakanipandisha kwenye kitanda cha magurudumu. Redio aliketi akanipungia mkono. Midomo yake ilikuwa buluu kuliko jana.

Ukumbi wa kwenda chumba cha upasuaji ulikuwa mrefu. Nilikuwa naangalia taa za darini zikinipita juu ya uso, moja, nyingine, nyingine. Mama alitembea pembeni, ameshika kidole changu kimoja. Mwishoni kulikuwa na milango miwili ya bati na meza ndogo. Daktari alikuwa pale na kofia ya upasuaji kichwani, pamoja na daktari wa usingizi. Juu ya meza palikuwa na fomu ya mwisho.

"Hapa, mama," alisema daktari wa usingizi. "Soma, kisha utie saini. Unathibitisha kwamba mtoto hajala, hana homa, hana kidonda wala ugonjwa mwingine unaoujua."

Mama alisoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari. Yeye husoma hivyo vipimo vya wateja, mara mbili, ili asikosee. Kisha akashika kalamu. Niliona kidole gumba chake, kile kilichojaa alama ndogo ndogo za sindano.

Mama yangu hajawahi kumpa mteja mshono wa uongo. Nimemwona akifumua gauni zima jioni kwa sababu ya sentimita moja ambayo hakuna ambaye angeiona. Sasa alikuwa anaandika jina lake chini ya uongo wangu, na hakujua. Herufi ya kwanza ilikuwa imeshaandikwa.

"Mama, usisaini!"

Kalamu ilisimama. Watu wote walinigeukia. Nilikaa kitandani, machozi yakinitoka kabla ya maneno.

"Nina jino. Limetoboka. Daktari wa meno alisema ling'olewe, alinipa karatasi, nikaificha. Nina homa tangu jana. Niliweka chupa ya baridi, na leo taulo. Sista hakujua, mtu yeyote hakujua. Nisameheni."

Daktari alinijia, akanifungua mdomo, akawasha kurunzi ndogo. Harufu ya karafuu ilimfikia, akakunja pua. Alibonyeza ufizi kwa kidole kilichovaa glavu, nami nikapiga ukelele.

"Usaha," alimwambia mwenzake. Akanipangusa kwapa kwa kitambaa kikavu, akasubiri kidogo, akaweka kipimajoto. Thelathini na nane na nusu. Akakishusha. "Leo hatushoni."

Mama alikuwa bado ameshika kalamu. Aliifunika kwa kifuniko chake, taratibu, akaiweka mezani. "Tangu lini?" aliniuliza.

"Tangu siku ile uliponiacha kwenye foleni."

"Mwezi mzima?"

Alikaa chini, pale pale sakafuni, akaegemea ukuta. Afadhali angenipiga kofi. Afadhali angepiga kelele. Aliangalia fomu tu, ile herufi moja aliyoiandika.

"Wageni wanaondoka Jumamosi," alisema hatimaye.

"Wageni wanaondoka," alijibu daktari, "mimi siondoki. Nimefanya kazi hii nao miaka minne, na wenzangu wa hapa wanaijua. Kwanza tulitoe hilo jino, tumpe dawa, damu isafike. Wiki sita. Akiwa mzima, nitamshona mimi." Akachuchumaa mbele ya Mama. "Mama, nisikilize. Dakika kumi zaidi, angekuwa usingizini na kifua kiko wazi. Umeelewa alichokifanya huyu sasa hivi?"

Mama aliitikia kwa kichwa, lakini hakunitazama.

Nafasi yangu alipewa Redio. Nilikuwa ukumbini bado, wameniweka kando karibu na ukuta, nilipoona kitanda chake kikija, bibi yake akikimbia nyuma yake na viatu mkononi. Alikuwa mdogo sana kwenye kile kitanda. Nilimwonea wivu mpaka nikaona aibu.

"Kobe," aliniita alipofika usawa wangu. "Nimekupita!"

"Pita," nilimwambia. "Nakuja."

Jioni alitolewa, akapelekwa chumba cha uangalizi. Kesho yake Sista alinipeleka kumwona kupitia kioo. Alikuwa amelala na mirija kila mahali, lakini midomo yake ilikuwa ya waridi. Sista alisimama nyuma yangu, akasema, "Nilijua kuna kitu. Thelathini na nne na nusu! Miaka ishirini napima watoto. Nilipaswa kurudi nikupime tena, sikurudi. Hilo ni kosa langu." Akanifinya sikio, si kwa nguvu. "Na la chupa ni lako."

Gego liling'olewa Ijumaa hiyohiyo. Daktari wa meno wa hospitali alinichoma sindano ya ganzi, akasema atahesabu mpaka tatu, akang'oa kwenye mbili. Mwezi mzima wa uongo, na kazi yenyewe haikuchukua muda wa kufunga vifungo vya shati.

*

Tulirudi nyumbani baada ya siku tisa za dawa. Mama alikuwa anazungumza nami mambo ya lazima tu: kula, meza, lala. Tulipofika chini ya ngazi aliubeba mzigo, akaanza kupanda. Kwenye bomba niliketi. Alisimama, akashusha mzigo, akaketi karibu nami. Kwa kinyozi vilevile. Kwenye mlango wa buluu nilisema, "Mama, nimekosa."

"Najua umekosa." Aliusogeza mzigo kando kwa mguu. "Kilichonikata maini si jino. Ni kwamba uliniogopa mimi kuliko kifo."

"Sikukuogopa wewe. Niliogopa koleo. Halafu nikaogopa kutolewa. Halafu nikauogopa uongo wenyewe."

Alinivuta kichwa, akakilaza begani kwake. Tukakaa hapo mpaka mguu wake ukafa ganzi, akaanza kulalamika, nami nikajua amenisamehe.

Kwa wiki zote zilizobaki alinifungua mdomo kila asubuhi na kurunzi, kama mtu anayekagua mizigo mpakani. Siku ilipofika, ukumbi ulikuwa uleule, meza ileile. Daktari aliuliza, "Mwanangu, kuna lolote?"

"Nimeumwa na mbu mguu wa kulia," nilisema. "Jana nilipiga chafya mara mbili. Na juzi nililamba sukari kiganjani, sikupiga mswaki mpaka jioni."

Daktari wa usingizi aliangua kicheko. Walinikagua upya, koo, kifua, ngozi, meno, hawakuona tatizo. Mama alisoma fomu mara mbili, akasaini jina lake lote. Kabla milango haijafunguka alimshika daktari mkono, akavitazama vile viganja vidogo, akasema, "Fundi mwenzangu, nakukabidhi." Nilipoingizwa ndani, kitu cha mwisho nilichokiona ni kigoda cha mbao chini ya taa kubwa. Redio hakuwa amedanganya.

Mama ananiambia alisubiri saa tano. Hakula, hakunywa, hakukaa. Mimi nakumbuka tu kufungua macho, koo kavu, kifua kizito kama nimelaliwa, na uso wake juu yangu.

"Limeshonwa," alisema, na ndipo akalia.

*

Miezi minne baadaye nilitoka shuleni nikaanza kupanda ngazi. Nilipita bomba. Nilipita kwa kinyozi, ambaye alitoka nje na mashine yake mkononi kunishangilia, akamwacha mteja kanyolewa nusu kichwa. Nilifika juu nikakumbuka kwamba sikuuona hata mlango wa buluu. Kovu la kifuani liliwasha kidogo kwa jasho. Moyo ulikuwa unapiga kwa nguvu, lakini ulipiga kama wa watu wengine.

Dukani alikuwepo makanika, ovaroli yake iko mezani. Safari hii ilinukia sabuni.

"Kobe!" alisema. "Hata pumzi hukupoteza! Fundi, hebu nieleze, huyu aliponea wapi hasa? Ni wageni, ni mashine, au ni kile kiraka?"

Mama alikata uzi kwa meno kabla ya kujibu.

"Vyote vilisaidia. Lakini aliponea mlangoni, aliposema kweli. Daktari ana macho, ana mashine, ana vipimo, lakini kuna mambo ambayo mgonjwa peke yake ndiye anayeyajua. Ukimdanganya anayetaka kukutibu, umemfunga kitambaa machoni halafu umempa kisu akupasue. Kosa lako likiwa dogo kama jino, liseme likiwa bado jino. Usingoje lifike moyoni."

Aliyasema hayo akinitazama mimi, bila hasira. Makanika aliitazama ovaroli yake. Akakohoa. Akajikuna shingo.

"Fundi," alisema, "nyuma sikuifua vizuri. Nilifua goti tu, maana ndilo linaloshonwa."

Mama aliigeuza. Doa la mafuta lilikuwa pana kama sahani. Nilidhani atamfukuza, lakini alianza kucheka, makanika naye akacheka, na mimi nikaichukua ile ovaroli mezani.

"Nipe sabuni," nilisema.

Nilishuka nayo hadi bombani, penye kituo changu cha zamani, nikaifua mbele na nyuma mpaka maji yakatoka meupe. Kisha nikaikamua, nikaitupia begani, nikapanda ngazi zote bila kuketi.